Kigoda cha Kutazamwa

Baba yangu aliwatia macho wanyama waliokufa. Ndiyo ilikuwa kazi yake, na watu wote pale kwenye makumbusho ya chuo walimwita Fundi Macho, kana kwamba wazazi wake hawakumpa jina. Wengine walichuna, wengine walikausha ngozi na kuijaza. Mnyama alipokuwa tayari, amebakiwa na matundu tu usoni, aliletwa kwa Baba akiwa amefunikwa kitambaa kichwani. Kitambaa hakikuondolewa mpaka mwisho.

"Macho hayana pazia," Baba alikuwa akisema, "kwa hiyo pazia naweka mimi."

Alikuwa na sharti lake. Jicho la kioo, alisema, halitazami hewa. Ukilipachika hivi hivi, mnyama anabaki na uso wa mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Lazima mtu aketi mbele, mtu mwenye pumzi, na fundi aligeuze jicho kwenye udongo wake kidogo kidogo mpaka litulie kwa yule aliyeketi. Aliyeketi alikuwa Mama. Alimletea Baba chakula cha mchana, akakaa kwenye kigoda katikati ya ukumbi wa makumbusho akishona vifungo vya watu, na Baba akafanya kazi. Nyati, chui, fisi, pongo, nungunungu, bundi: wote katika ukumbi ule walifunguliwa macho yakimtazama mama yangu.

Mama alifariki mwaka niliomaliza darasa la saba. Mezani kwa Baba alikuwa amebaki mnyama mmoja, paa mdogo ambaye mgongo wake ulinifika gotini. Baba akaniita mimi. Nikakaa kwenye kigoda na sare yangu ya shule, miguu imebanana, nikaambiwa nisicheke. Wala sikuwa na cha kunichekesha. Paa akamaliziwa akinitazama mimi, na Baba akafunga sanduku la vyombo vyake. Hakutia jicho tena. Akaomba kazi ya kufuta vumbi kwenye makabati, akaifanya mpaka akastaafu. Mimi shule iliishia pale. Nilibaki nyumbani nikiangalia nyumba, na kumwangalia yeye.

Sasa macho yake mwenyewe yalikuwa yamefunga ukungu. Mtoto wa jicho, yote mawili. Daktari alisema ni upasuaji wa kawaida, akatupangia siku, akaonya kwamba tukizidi kuchelewa huenda usisaidie tena. Mama mdogo, mdogo wake Mama, ana kiwanda kidogo cha ushonaji katika mji mwingine, na alikuwa ameniwekea cherehani. "Baba yako akiona tu njia ya chooni," aliniambia, "wewe panga nguo zako uje." Nilikuwa nimeshazipanga. Zilikuwa chini ya kitanda.

Baba akakataa.

"Wakiutoa huo ukungu utaona, Baba."

"Ndiyo shida yenyewe." Akanyoosha kidevu kuelekea kona tunapoweka ndoo za maji. "Mama yako amekaa pale."

Nikatazama. Ndoo, kata, ufagio.

"Ni ukungu huo."

"Ukungu haukunji miguu, mwanangu. Huyu amekunja miguu."

Alianza kumwona wakati wa mvua kubwa, na hakuniambia, akiogopa nitasema amechanganyikiwa. Kwanza alikuwa mlangoni, kisha jikoni, kisha akatulia pale konani. Hasemi kitu. Baba naye hakumsemesha. Alimpisha tu akipita. Nikakumbuka kwamba tangu mvua zile amekuwa akipita kando kando ya ukuta, na mimi nikidhani anapapasa njia.

"Daktari akiukwangua ukungu atamkwangua na yeye," Baba akasema. "Siwezi."

Tukavutana kwa maneno mpaka chai ikapoa. Mwishowe akatoa sharti, maana Baba bila sharti si Baba. Nimpeleke makumbusho. Kama wanyama wake bado wanamtazama Mama pale kwenye kigoda, basi Mama yuko kule, na huyu wa konani ni ukungu kama nisemavyo; ataenda kwa daktari bila neno. Lakini kama hawamtazami, basi ameondoka kule, na aliyekaa kwenye ndoo ni yeye mwenyewe.

"Mtu anayetazamwa haondoki," alisema. "Sikiliza maneno ya fundi."

Tulikwenda asubuhi. Chuo kilikuwa likizo na jua limekaa kwenye njia tupu. Mlangoni pa makumbusho tulimkuta Shangazi Funguo, mwanamke mnene anayetunza funguo za ukumbi na za bustani ya mimea iliyo nyuma yake. Ametunza funguo hizo tangu Mama yuko hai, na hutembea zikimlia kiunoni kama njuga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Fundi Macho! Mbona nilisikia umekufa?"

"Nilikwenda," Baba akasema, "wakanirudisha. Kuna foleni."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Na huyu bundi wako kumbe amekuwa mkubwa. Bado anatazama watu bila kupepesa?"

"Sasa ananitazamia mimi. Tumekuja kuwaona wanangu."

Kicheko kikakatika. Alizichezea funguo kidogo. "Utawaona. Ila hawapo pale ulipowaacha. Mwalimu mpya wa viumbe amewapanga upya, kijana mzuri tu, hana kelele. Wa msituni na wa msituni, wa mbugani na wa mbugani, wa usiku peke yao. Tulisukuma siku nzima."

"Lini?" nikauliza mimi.

"Wakati wa zile mvua."

Mkono wa Baba ulinikaza begani.

"Na kigoda?" akauliza.

"Kipi? Kile kibovu? Kilitolewa na takataka. Nadhani kiko bustanini, wamekipandishia chungu."

Tukaingia. Ukumbi ulinuka dawa ya nondo na mbao za zamani, na hatua zetu zilirudi kwetu kutoka darini kana kwamba kuna wengine wanatembea juu. Pale katikati palipokuwa na kigoda sasa palikuwa na kabati la vipepeo. Wanyama walikuwa wamesimama pembezoni, makundi makundi, kila kundi limegeuziwa upande wake.

Nakiri nilifikiria kusema uongo. Neno moja tu lilitosha: "Wanatazama." Baba asingejua, macho yangepasuliwa, na mimi ningekwenda zangu kushona. Lilinifika mpaka kwenye meno. Lakini huyu ni mtu aliyeweza kukaa kutwa nzima akigeuza jicho la nungunungu ili lisitazame hewa, na mimi nilikuwa nimemshika mkono. Nikalimeza.

"Watazame vizuri," alisema. "Unakumbuka namna?"

Nilikumbuka. Jicho la kioo lina mahali pamoja tu linapokukamata. Ukiwa hatua kando, linakutazama bega, au sikio, au kitu kilicho nyuma yako. Unasogea taratibu mpaka ghafla mnyama anakuona. Huwezi kukosea, unalihisi mwilini.

Nikaanza na nyati. Nilisogea kulia, nikarudi nyuma, nikapita kabati la vipepeo, nikarudi nyuma tena, na aliponikamata nilikuwa nimefika mbali, karibu na mlango wa vioo unaotokea bustanini. Nikamleta Baba, nikamsimamisha pale.

"Kaa hapa, uwe alama yangu."

"Nimestaafu, sasa nimekuwa kigingi," akanung'unika.

Nikaenda kwa chui, aliyekuwa upande wa pili kabisa, kati ya wa msituni. Nilidhani atanipeleka dirishani. Nilisogea nikimfuata, hatua kwa hatua, nikagongana na Baba.

Fisi alikuwa kwenye kundi la usiku, amegeuzwa mgongo karibu ukutani, shingo yake tu ndiyo imepinda. Nilimfuata. Nikagongana na Baba. Pongo, mwenye macho ya pembeni, anayekutazama kwa jicho moja tu: kwa Baba. Nungunungu. Kwa Baba. Bundi juu ya tawi lake la plasta alinishusha polepole hadi pale pale.

Watu waliowasukuma wanyama hawa hawakuwaza habari ya kigoda. Walipangwa kwa misitu na mbuga, na kila mmoja alipaswa awe anatazama upande wake, mwingine ukutani, mwingine darini. Badala yake wote walikutana mahali pamoja, penye mlango. Nikapiga magoti, niwe na kimo cha mtu aliyekaa. Hawakunikamata. Nikasimama wima, wakanikamata usoni, wote kwa pamoja.

Mama alikuwa na kimo changu.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo sikulisema. Paa mdogo hakuwa na mahali. Popote niliposimama, nyuma ya kabati, nyuma ya nyati, kila nilipogeuka, alikuwa amenikamata.

"Je?" Baba akauliza. "Wanatazama katikati?"

"Hapana, Baba."

"Wapi?"

"Hapa ulipo. Mlangoni. Na hajakaa. Amesimama."

Baba alivuta pumzi ndefu, na uso wake ukafunguka kwa furaha iliyonitisha kuliko wanyama. "Ndiyo njia yake. Akishanilisha alikuwa anapitia bustanini, anatokea geti dogo, anarudi nyumbani. Wamemwondolea kiti, angefanya nini? Ameondoka, nao wamemsindikiza kwa macho mpaka alipowapotea." Akaanza kunivuta. "Twende. Tumemwacha peke yake."

Niliona cherehani yangu ikifunikwa vumbi. Niliona ndoo zile, na Baba amekaa akizielekea, ukungu ukizidi kuwa mzito, na mimi nikimshika mkono mpaka niwe na mvi. Nikasimama nisisogee.

"Kama aliondoka kwa sababu ya kiti," nikasema, "kiti kinarudishwa."

"Ili iwe nini? Nyumbani ndiko kwake."

"Nyumbani amekaa kwenye ndoo, Baba."

Akanigeuzia sikio.

"Ndoo. Ina mshikio wa chuma. Tangu mvua zile mpaka leo, mama wa watu yuko juu ya ndoo, hana hata kifungo cha kushona. Hapa alikuwa na kigoda chake. Umpende vipi wewe, umwache akae vile?"

Kidole gumba chake kikasugua kichwa cha fimbo yake ya kutembelea. Shangazi Funguo, aliyekuwa ametufuata bila kutuelewa, alikohoa.

"Ndoo zinaumiza," Baba akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Kilete."

Shangazi Funguo akatufungulia bustani. Baba alibaki mlangoni. Bustani ilikuwa bado na umande. Kila mti na kila kichaka kilikuwa na kibao chake chenye majina mawili mawili ya kigeni, kama watoto waliobatizwa na mtu asiyewajua. Mbele kulikuwa na nyumba ya vioo, ndani yake majani makubwa yamebandika viganja kwenye kioo. Nilitazama njia ya changarawe inayokwenda kwenye geti dogo. Majani ya pembeni yalikuwa yamelowa kote, isipokuwa ukanda mmoja mwembamba, upande wa kushoto, ambapo umande ulikuwa umefutwa. Kama mtu kapita na sketi ndefu.

"Nani kapita huku leo?" nikauliza.

"Apite nani? Funguo ninazo mimi."

"Tazama majani."

Akatazama. Akaliangalia geti, likiwa na kufuli lake, kisha akaniangalia mimi. "Bundi wewe," akasema, lakini hakucheka.

Kigoda kilikuwa nyuma ya nyumba ya vioo kati ya mabomba na ndoo za mbolea, na juu yake chungu kizito chenye mmea uliokauka. Nilikinyanyua chungu. Maji yalikuwa yametiririka chini yake, udongo umelowa, mabomba yamelowa. Mbao za kigoda zilikuwa kavu. Nikaweka kiganja. Palikuwa na joto, joto la mahali mtu alipoinuka sasa hivi ili akupishe.

Nilikibeba miguu ikiwa juu, nisikiguse tena pale. Nilipogeuka kurudi niliona ukumbi kupitia vioo, na vichwa vyote ndani vimeelekea kwetu. Walikuwa wameelekea hivyo tangu mwanzo, hilo nalijua. Lakini ni jambo jingine kutembea ukiwaelekea, na kigoda mkononi.

"Kiweke pale macho yao yaliposimama naye," Baba akasema. "Katikati wameshaharibu."

Nikakiweka karibu na mlango wa bustani, kikiuegemea ukuta, mahali penye mwanga wa kushonea. Nikarudi nyuma, nikasimama pale pale waliponikamata mwanzo. Nyati akanitazama kiunoni. Chui naye. Macho yao yalikuwa yameshuka. Sikuyaona yakishuka.

"Amekaa?" Baba akauliza.

Njia ya kujua ilikuwa moja tu. Sikumwambia. Nilijongea kimya, viatu vyangu vya mpira havina sauti, nikakaa kwenye kigoda.

Wakanikamata. Nyati na chui na fisi, bundi kutoka juu, pongo kwa jicho lake moja, na wale wadogo wa kwenye makabati ambao sikuwa nimewapima, wote. Ni kama kulazwa chini ya mablanketi mengi. Halikuwa jambo baya, na hapo ndipo pabaya pake. Mikono yangu ilijikusanya yenyewe mapajani, kidole kimoja kikishika kingine, kama mtu anayeshika sindano. Nilijua kwamba ningeweza kukaa pale mchana huu, na kesho, na miaka, na nisichoke. Nilitaka kumjibu Baba. Mdomo haukuwa wangu.

Baba alikuwa ametazama kando, kwenye ukungu wake.

"Inuka polepole, mwanangu," akasema. "Mpishe mama yako."

Nikainuka. Sijui nilivyoinuka. Nilikuwa nimeshafika mbele ya kabati la vipepeo niliposikia nyuma yangu mbao zikilia, mlio ule mfupi wa kigoda mtu mzima anapokaa.

Shangazi Funguo alikuwa amesimama mlangoni. "Mimi," akasema, "naenda kunywa chai," akaenda, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona akizishika funguo zake zisilie.

Nilizunguka mmoja mmoja. Sasa hakuna aliyenikamata. Kila niliyemfuata alinipeleka kwenye kigoda, kwenye kimo cha uso wa mtu aliyekaa.

"Wanamtazama, Baba. Wote."

Aliitikia kwa kichwa, kisha akapangusa macho kwa nyuma ya mkono.

Lakini si wote. Paa alisimama kwenye jukwaa lake dogo, nje ya kabati, masikio yamesimama, na alikuwa ananitazama mimi. Nilipita mbele yake, nikaenda kushoto. Nikarudi. Nikakumbuka maneno ya fundi, kwamba mtu anayetazamwa haondoki, nikaifikiria miaka yangu yote tangu sare ile ya shule, na nguo zangu chini ya kitanda. Nikavua mtandio, nikaukunja mara mbili, nikamfunika kichwa, nikaufunga taratibu chini ya taya kama Baba alivyokuwa akiwafunga kabla hawajaona.

"Umemfunika nani?" Baba akauliza.

Nilikaza fundo.

"Paa?"

"Paa."

"Nilipaswa kufanya mimi zamani," akasema, akanipa mkono nimtoe nje.

Tulipofika nyumbani alisimama mlangoni akielekea kona, muda mrefu.

"Ndoo," akasema. "Ndoo tu."

Alipasuliwa siku aliyopangiwa. Walipomfungua bandeji alinitazama juu mpaka chini, akanizunguka kama ninavyomjua, akitafuta mahali nitakapomkamata. "Kumbe umezeeka hivi," akasema, na nesi akacheka kuliko mimi. Siku hizi anakwenda makumbusho mwenyewe na vifungo mfukoni, anaviacha juu ya kigoda. Hakuna mgeni anayekaa pale. Shangazi Funguo anasema hata watoto wa shule, ambao hukalia kila kitu, hukizunguka.

Mimi niko kwa mama mdogo. Nashona sare, mapazia, na nguo za harusi ambazo wenyewe hubadili mawazo kila wiki. Napenda kazi hii. Mama mdogo anasema nina macho ya fundi, na hajui amesema nini.

Shangazi Funguo hunipigia simu mara kwa mara. "Mtandio wako nimeukuta chini tena, umekunjwa vizuri. Humu hamna upepo, madirisha nafunga mimi mwenyewe."

"Mrudishie, shangazi."

"Nimemrudishia, mama. Nikauliza tu."

Hana haja ya kuniambia. Kuna asubuhi nakaa kwenye cherehani na shingo yangu inakuwa ya baridi, pale chini ya nywele, mahali pamoja tu. Mikono inajikusanya mapajani. Mteja anaweza kuita mlangoni, mama mdogo anaweza kunisema kwamba nimeota mizizi. Nawasikia vizuri. Ila siinuki, nasubiri, mpaka kule mbali Shangazi Funguo afungue ukumbi, aokote mtandio, amfunike paa.